Dana na kathina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwatolea watawa wa Kibuddha chakula na mavazi

Mtawa wa Kibuddha wa mapokeo ya Theravada, yaani yale ya Sri Lanka, Thailand, Myanmar, Laos na Kambodia, halimi, hahifadhi chakula na haombi. Anakula alichokabidhiwa na kuvaa alichopewa. Mzigo wa kuzijua kanuni kwa hiyo unamwangukia mtoaji. Usipozijua, unaweza kupika tangu usiku, ukaandika meza iliyojaa, na mgeni wako akakaa mbele yake asiguse kitu, wala adabu yake isimruhusu kukwambia kilichokosekana. Majibu haya yanafuata zaidi desturi za Sri Lanka, kwa sababu ndizo zilizofika kwetu: hekalu la Dar es Salaam lilianzishwa na Wasinhala, kabila kubwa la Sri Lanka, mwanzoni mwa karne ya 20. Kituo cha Kibuddha cha Uganda, kilichoko Garuga upande wa Entebbe, kilifunguliwa mwaka 2005 na Bhante (yaani "mheshimiwa", jina la kumwitia mtawa) Buddharakkhita, mtawa mzaliwa wa Uganda, nacho ni cha mapokeo hayohayo ya Theravada.

Dana ni nini, na inatofautianaje na kathina?

Dana ni utoaji wowote: sahani ya wali, sabuni, dawa, hata ardhi. Katika mazungumzo ya Wasinhala, ukisikia "kesho tuna dana" jua ni mlo wa watawa. Hufanyika siku yoyote ya mwaka. Kathina ni utoaji wa vazi, mara moja tu kwa mwaka kwa kila hekalu, ndani ya mwezi mmoja maalumu, na una masharti ambayo likikosekana moja tu, vazi linabaki kuwa zawadi nzuri lakini si kathina.

Mwisho wa kula ni saa ngapi hasa?

Hapa ndipo wenyeji wengi huteleza. Mtawa anakula kuanzia alfajiri, mwanga unapotosha kuona mistari ya kiganja, hadi jua linapofika utosini. Kwa msomaji Mwislamu hakuna cha kueleza: mpaka wenyewe ni zawali, na adhana ya adhuhuri ikisikika muda umekwisha. Tonge la mwisho liwe limemezwa kabla ya hapo.

Saa ya ukutani haitoi jibu hilo sawasawa. Dar es Salaam jua hufika utosini karibu saa 6:07 mchana mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa 6:37 katikati ya Februari. Entebbe, iliyo magharibi zaidi lakini inatumia saa hiyohiyo, ni karibu 6:34 na 7:04. Colombo mwezi Novemba jua hupita utosi karibu saa 5:54, kwa hiyo anayesubiri saa sita kamili ameshachelewa, na mwanzo wa Novemba umo katika msimu wa kathina. Nyumba nyingi za watawa huku kwetu hushika saa sita kamili tu ili kuepuka mashaka. Muulize mtawa anafuata ipi, kisha panga chakula kiwe mezani saa tano. Sala, kanuni tano za maadili za walei (waumini wasio watawa) na sadaka ya mbele ya sanamu ya Buddha hula nusu saa bila wewe kujua.

Nimwalike kwa maneno gani?

Sema "tunawakaribisha kwa dana nyumbani kwetu siku fulani, watawa watano". Usitaje vyakula. Kanuni za watawa, Vinaya, zinazuia kundi la watawa wanne au zaidi kuitikia mwaliko uliotaja vyakula vikuu, yaani wali, vyakula vya nafaka, samaki na nyama. Mtu akisema kwa ukarimu kabisa "njooni mle pilau na samaki", amewafungia mlango bila kukusudia.

Sri Lanka mwaliko rasmi hupelekwa pamoja na fungu la majani ya tambuu, yakishikwa kwa mikono miwili. Watu wa Lamu na Unguja wataitambua heshima hiyo.

Nipike nini na kwa kiasi gani?

Pika mnachokula nyumbani, ila kwa uangalifu zaidi. Mlo wa Kisinhala huwa na wali, dengu za tui, mboga tatu au nne, samaki, majani yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na nazi ya kukuna, kisha mtindi mzito unaomwagiwa utomvu wa mnazi uliochemshwa hadi ukawa kama asali. Wali wa nazi, maharage, mchicha na samaki wa kupaka vinapokelewa vizuri tu.

Kwa watawa 5 mchele gramu 750 unatosha, kwani kila mmoja hala zaidi ya gramu 150 za mchele mkavu. Lakini usipikie watawa peke yao. Ndugu na majirani wanakula baada yao, na dana ya watu 30 itataka mchele wa kilo 4 hivi. Pakua cha watawa kwanza, kabla mtu yeyote hajaonja. Desturi ya Sri Lanka inalishikilia sana jambo hili, na sahani ya Buddha, ile inayowekwa mbele ya sanamu yake, hupakuliwa hata kabla ya zile za watawa.

Tafadhali punguza mafuta na sukari. Mtawa hachagui, hula kilichowekwa, na kila nyumba hutaka kuonyesha upendo kwa vitamutamu. Nchini Thailand unene na kisukari miongoni mwa watawa vimekuwa tatizo la afya linalozungumzwa waziwazi. Papai lililoiva vizuri ni upendo vilevile.

Je, nimchinjie kuku?

Usimchinjie. Tunajua hili ni gumu, maana kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa, na kumwambia "huyu kuku ni wako" ndiyo heshima yenyewe. Kwa mtawa, maneno hayo ndiyo yanayomzuia kula. Anaruhusiwa nyama na samaki ikiwa hakuona, hakusikia wala hashuku kwamba mnyama aliuawa kwa ajili yake. Nyama ya buchani iliyonunuliwa kama siku nyingine zote haina neno. Watawa wengi na familia nyingi za Kibuddha huchagua mlo wa mboga kabisa, na ukipika hivyo huwezi kukosea. Watawa wa mapokeo ya Kichina hawali nyama kamwe, wala vitunguu na vitunguu saumu.

Kuna nyama 10 zilizokatazwa moja kwa moja: ya binadamu, tembo, farasi, mbwa, nyoka, simba, chui milia, chui, dubu na fisi. Nyama mbichi na nafaka mbichi pia hapokei mtawa mwenyewe. Gunia la mchele linakwenda kwa msimamizi wa jikoni.

Chakula kinakabidhiwaje?

Kuweka bakuli mezani na kusema "karibuni" hakutoshi. Lazima chakula kitolewe mkononi: mtoaji awe karibu, kama mita 1.25, kitu chenyewe kiwe kinanyanyulika na mtu mmoja wa kawaida, mtoaji akisogeze kwa ishara ya kutoa, mtawa akipokee kwa mkono au kwa kitu alichokishika. Meza nzima iliyosheheni haitolewi kwa mpigo mmoja kwa sababu hainyanyuliki na mtu mmoja. Toeni sinia kwa sinia, bakuli kwa bakuli.

Baada ya kupokelewa, mwenyeji asiliguse tena bakuli lile. Kosa la kila siku ni la msaidizi mwema anayesogeza mchuzi ili uwe karibu na mtawa. Akigusa hivyo, katika nyumba nyingi chakula hutakiwa kutolewa upya. Si balaa: kinyanyue, mkabidhi tena, basi.

Thailand mwanamke hampi mtawa kitu mkono kwa mkono. Mtawa hutandika kitambaa, akashika ukingo wake, na mwanamke akaweka chombo juu ya kitambaa. Sri Lanka na Myanmar wanawake hukabidhi wenyewe, kwa kushika chombo pembeni ili vidole visigusane. Kama huna hakika, tumia sinia.

Kwa nini matunda yanachomwa kisu kabla ya kutolewa?

Mtawa haharibu mbegu inayoweza kuota. Tunda lenye mbegu hai, kama chungwa, embe, nyanya mbichi au pasheni, "huhalalishwa" kwanza. Mtawa husema kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Theravada, *kappiyam karohi* (lihalalishe), mlei hulitoboa kwa kisu au ukucha na kujibu *kappiyam bhante* (ni halali, mheshimiwa). Matunda yakiwa yamerundikwa yanagusana, kutoboa moja kunatosha kwa rundo zima. Ndizi hazina shida. Njia rahisi ni kumenya na kukata kila kitu jikoni na kutoa mbegu.

Jioni naweza kuwapa nini?

Maji, chai isiyo na maziwa, sharubati ya matunda iliyochujwa mpaka isibaki nyama ya tunda. Embe, zabibu, ndizi na zambarau vimetajwa katika kanuni. Ila madafu hapana. Maelezo ya kale ya kanuni yanaweka nazi, fenesi, tikiti maji na boga katika matunda makubwa, na maji yake yanahesabiwa kama chakula. Watu wa pwani hushangaa sana kuona mtawa akikataa dafu saa kumi jioni huku jasho likimtoka. Maziwa na uji navyo ni chakula.

Asali, sukari, samli, siagi na mafuta yanahesabiwa kama dawa, na mtawa akishapokea anaweza kukaa nayo siku 7. Tangawizi inakaa bila kikomo.

Siku yenyewe ya dana nyumbani inakwendaje?

Kwa desturi ya Sri Lanka, watawa hupokelewa mlangoni. Mwenyeji huwamwagia maji miguuni mmoja mmoja, na mwingine huifuta kwa taulo safi. Andaa ndoo, kata, taulo na beseni mapema. Watawa hukaa kwenye mikeka au viti vilivyotandikwa shuka nyeupe, mkubwa kwa miaka ya utawa kwanza, si kwa umri wa kuzaliwa. Wenyeji hukaa chini yao, na hakuna anayewaelekezea nyayo.

Kisha huja sahani ya Buddha, kanuni tano zinasomwa kwa kuitikiana, na chakula kinatolewa kwa sangha, yaani jumuiya nzima ya watawa wa pande zote, na hawa waliopo wanaiwakilisha. Watawa wanne ndio idadi ya chini ya kuwa sangha. Tofauti hii ina uzito. Ukimpa mtu, umempa mtu; ukiipa sangha, hata mtawa usiyempenda yumo.

Baada ya kula hutolewa vifaa: sabuni, dawa ya meno, taulo, au seti ya vitu vinane, ambavyo ni mavazi matatu, bakuli, wembe, sindano na uzi, mkanda, na kichujio cha maji. Mwisho familia hushika birika kwa pamoja na kumimina maji polepole ndani ya kikombe kilicho juu ya sahani, hadi yafurike, huku watawa wakisoma beti zinazosema kwamba kama mito iliyojaa inavyoijaza bahari, ndivyo kinachotolewa hapa kinavyowafikia marehemu. Ndiyo maana dana nyingi hufanywa siku ya saba, mwezi wa tatu na mwaka baada ya msiba. Aliyewahi kukaa kwenye hitima ataelewa kwa nini chumba kinanyamaza maji yanapofurika.

Naweza kutoa pesa?

Usimpe mtawa mkononi wala usitie ndani ya bakuli lake. Kanuni inamzuia kupokea fedha. Nyumba nyingine hufuata kwa ukali, nyingine zimelegeza, lakini wewe huhitaji kumjaribu. Mpe msimamizi wa hekalu, ambaye si mtawa, na umwambie ni ya nini: umeme, dawa, nauli. Kisha mweleze mtawa kwa mdomo kwamba kuna kiasi kwa msimamizi kwa mahitaji yake. Usipomwambia, hana njia ya kujua, na hawezi kuuliza.

Kathina ilianzaje?

Watawa 30 walikuwa safarini kwenda Savatthi, mji wa India ya kale, kumwona Buddha. Masika yakawakuta njiani, mji wa Saketa, na msimu huo watawa hukaa mahali pamoja miezi mitatu, ukaaji uitwao vasa. Ulipokwisha waliondoka, mvua bado zinanyesha, wakafika wamelowa, nguo zimejaa matope. Buddha aliwaruhusu waliomaliza vasa kupokea kitambaa na kushona vazi kwa pamoja. Kathina ni jina la fremu ya mbao iliyokuwa ikitandazwa kitambaa wakati wa kushona.

Inafanyika lini, na masharti ni yapi?

Vasa huanza siku inayofuata mwezi mpevu wa Julai (Agosti katika mwaka wenye mwezi wa ziada) na kwisha Oktoba. Dirisha la kathina ni kuanzia hapo hadi mwezi mpevu unaofuata. Kwa kalenda ya Sri Lanka ya mwaka 2025 lilikuwa kati ya tarehe 7 Oktoba na 5 Novemba. Thailand na Myanmar zinaweza kutofautiana kwa siku moja.

Watawa wawe angalau 5: wanne wakiwa sangha inayotoa, mmoja anayepewa. Vituo vya Afrika Mashariki vyenye mtawa mmoja au wawili hulazimika kualika wengine kutoka mbali, na mapokeo mengi yanakubali wageni kujaza idadi, ili mradi mpokeaji awe amekaa vasa yake. Tikiti za ndege zipangwe miezi kabla. Mtawa asiwe ameomba wala kudokeza kwamba vazi linahitajika. Vazi litolewe kwa sangha, si kwa jina la mtu. Mlei akisema "hili ni la Bhante fulani" ameliharibu. Maneno ya kutoa ni *imam kathinacivaram bhikkhusanghassa dema*, mara tatu: vazi hili la kathina tunaipa jumuiya ya watawa. Wao ndio huamua nani alivae, kwa kawaida mwenye nguo iliyochakaa zaidi. Na likikabidhiwa likiwa kitambaa, likatwe, lishonwe, litiwe rangi na kukauka kabla ya alfajiri ya siku ya pili.

Ninunue kitambaa gani?

Pamba tupu, nyeupe, isiyo na urembo. Bafta au marekani ni sawa kabisa. Mtu wa pwani anaweza kusita, akisema bafta ni kitambaa cha sanda. Hakuna ubaya: watawa wa kwanza waliokota matambara majalalani na sanda makaburini, wakayashona yakawa nguo, na kumbukumbu hiyo bado ni ya heshima.

Epuka tetroni. Rangi ya mimea haishiki kwenye nyuzi za plastiki. Unachemsha saa nzima na kitambaa kinatoka na rangi ya chai ya jana. Hata pamba ya dukani huwa na wanga wa kiwandani. Usipoifua kwa maji ya moto kabla, rangi hushika kwa mabaka, na vazi likifuliwa baadaye linarudi nyuma na kuwa fupi.

Kwa kathina ya siku moja watawa wengi huchagua vazi la chini, ambalo ni dogo: kama mita 1 kwa mita 2.5 hadi 3. Nunua mita 4 za upana wa sentimita 115, maana mishono na kufua vinakula. Vazi la juu linafika karibu mita 2 kwa 3.

Kwa nini linakatwa halafu linaunganishwa tena?

Ili lisiwe na thamani ya kuuzwa, na kwa sababu ya mashamba. Buddha alipoyaona mashamba ya mpunga ya Magadha, nchi ya India ya kale, yaliyogawanywa kwa matuta, alimtaka mwanafunzi wake Ananda atengeneze vazi la mfano huo. Vipande vya wima huwa witiri, visivyopungua 5, kila kimoja kikiwa na sehemu ndefu na fupi, na mishono inayovitenganisha ikisimama kama tuta. Kisha ukingo mzima unazungushiwa pindo.

Rangi hutoka kwenye mizizi, mashina, magome, majani, maua au matunda. Watawa wa msituni Thailand huchemsha vipande vya kiini cha mfenesi, ule ubao wa manjano ambao fundi yeyote wa seremala wa Tanga anaujua. Kitambaa kikitoka sufuriani kinatundikwa kambani, na mtu husimama hapo akikigeuza: upande wa chini unapelekwa juu, tena na tena, tone la rangi lisipate nafasi ya kutulia kwenye pindo. Akikiacha kwa dakika chache tu, mstari mweusi unaganda chini na hautoki tena. Kikikauka, mtawa hutia nukta ndogo ya rangi nyeusi, kahawia au buluu kwenye kona.

Seti zilizofungwa tayari za dukani zinafaa?

Zinafaa ukizifungua kwanza. Seti za Sri Lanka na ndoo za njano za Thailand zinalalamikiwa kwa mambo yaleyale: vazi jepesi kama chandarua, fupi kwa mtu mzima, wembe butu, dawa iliyopitwa na muda, na karatasi nyingi chini ili ndoo ionekane imejaa. Pima vazi kwa futi. Ni afadhali taulo moja nzuri na viwembe vya kweli. Uliza pia rangi: Thailand msituni ni kahawia, Sri Lanka hutofautiana kati ya chungwa na hudhurungi, Myanmar ni wekundu wa damu ya mzee.

Mimi si Mbuddha. Naweza kushiriki?

Ndiyo. Chakula cha mtu yeyote kinapokelewa, na hakuna anayekutaka useme usichoamini. Wakati wa kuitikia kanuni kaa kimya, umevaa kwa staha, viatu umeviacha nje.

Chakula kilichobaki kinafanywa nini?

Wanakula walei, wafanyakazi, maskini wa jirani, na wanyama. Mtawa hawezi kukiweka hadi kesho. Sahani ya Buddha huachwa mpaka mlo umekwisha, kisha huondolewa kwa heshima. Wengi hupenda kuiwekea ndege na mbwa, mbali na njia ya watu. Osha vyombo vya dana peke yake, kausha, uvifunge kwa kitambaa safi. Mwakani utavitafuta.